Mwanga Ulioambiwa Ukate Utepe

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na minane, ndevu zinazohesabika, na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Msicheke. Nyinyi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili mnaobaki kwenye klabu ya sayansi mmeniomba niandike juu ya miaka yangu ya kazi, kama kila kiranja anayeondoka anavyoandika. Nimekubali, lakini nina hasira, na sitangoja ipoe ndiyo niandike. Anayetaka maneno ya sukari asome ya kiranja wa bwalo. Yule aliaga vizuri sana, na mikate miwili kwapani.

Kazi yangu ilikuwa kutunza maabara, na ndani ya maabara kutunza leza. Sitawaeleza nilivyopata hicho cheo. Hakuna mwingine aliyekitaka, kwa sababu kiranja wa maabara huosha mirija ya majaribio wakati wenzake wako uwanjani. Mshahara ulikuwa ufunguo mmoja wa kabati.

Siku ya kwanza nilikuwa Kidato cha Pili. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Onsongo, alikuwa mtu mfupi kutoka upande wa Kisii, mwenye koti la maabara ambalo liliwahi kuwa jeupe kabla sijazaliwa. Aliingia darasani amekumbatia sanduku refu la mbao kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Lilikuwa limeachwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyekaa hapa muhula mmoja, akaona mvua yetu ya kila alasiri, akarudi kwao. Aliacha buti na leza. Buti ziliibiwa wiki hiyo hiyo. Leza haikuibiwa kwa sababu hakuna aliyejua inavaliwa wapi.

Mwalimu alifunga mapazia, akatuambia tuchukue vifutio vya ubao tuvigonganishe. Vumbi la chaki likajaa. Akabonyeza swichi, sanduku likalia ti, na mstari mwekundu ukatokea hewani kutoka mezani mpaka ukutani. Sijawahi kuona kitu kimenyooka hivyo katika hii shule. Darasa zima lilinyamaza, na darasa letu halikuwa na historia ya kunyamaza.

"Mwalimu," nikauliza, "hiyo inaweza kuivisha githeri ya bwaloni?"

"Kibet, haiwezi kuchoma hata nywele zako. Na vile ziko, ningefurahi kama ingeweza."

Wenzangu walicheka mpaka kengele. Mimi nilibaki nyuma, na ndivyo nilivyoajiriwa. Mwalimu Onsongo alinieleza hivi: mwanga wa taa ya kawaida ni kama sisi tukitoka darasani saa ya chakula, kila mtu na mbio zake, viwiko kila mahali. Mwanga wa leza ni gwaride. Wote rangi moja, mguu mmoja, upande mmoja. Ndiyo maana hautawanyiki njiani.

Akanipa sheria mbili. Ya kwanza, usiangalie ndani ya mdomo wa leza hata mtu akikuambia kuna picha. Una macho mawili tu na mengine hakuna dukani. Ya pili ndiyo ninayotaka mshike, kwa sababu hii hadithi yote inaning'inia hapo. Ndani ya sanduku kuna bomba la kioo lenye gesi. Bomba hilo ni la zamani, na likilala muda mrefu bila kuwashwa gesi yake inaharibika. "Iwashe kila Ijumaa, iwake kidogo, iote joto," alisema. "Ukiisahau, siku moja utabonyeza swichi na itakuangalia tu."

Niliiwasha kila Ijumaa. Mvua, mtihani, hata siku ile nilikuwa na matubwitubwi, uso umevimba kama boga. Stima ikipotea Ijumaa, niliiwasha Jumamosi. Mambo mengi yaliharibika katika utumishi wangu, lakini hilo halikuharibika mikononi mwangu.

Kuhusu vifaa, niwaambie vile ambavyo hamtavipata kwa kitabu. Mnajua ufito wa kuchumia chai, ule wa mianzi unaolazwa juu ya mimea ili ujue kimo: kilichochomoza juu ya ufito kinachumwa, kilicho chini kinaachwa. Kwa vile kila mtukutu wa shule hii hupelekwa kuchuma chai kwenye shamba la shule kama adhabu, nilikuwa nazijua fito kuliko msimamizi wa shamba. Nilichagua ulionyooka kabisa nikauhamishia maabara. Ukitaka kuelekeza leza mbali, weka ufito mbele ya sanduku, telezesha kipande cha karatasi juu yake kutoka huku hadi kule. Nukta nyekundu ikikaa pale pale kwenye karatasi, umenyoosha. Ikipanda au ikishuka, sukuma sanduku na uanze tena. Mwalimu Onsongo alipouona ufito huo alisema ndicho kitu kilichonyooka zaidi shuleni, hata ukihesabu uongozi. Kisha akaangalia mlangoni kama kuna mtu amesikia.

Alikuwa anatuletea magazeti ya sayansi ya zamani, yaliyokatwa kurasa, na kutusomea kwa Kiswahili tukiwa tumekaa juu ya meza. Nje ukungu, ndani harufu ya mafuta ya taa ya vichomeo, na yeye anasoma kuwa kuna watu, miaka hii hii yetu ya tisini, wamepata mwanga mkali wa buluu kutoka kwa punje ndogo kuliko mbegu ya wimbi. Eti watu walihangaika na huo wa buluu miaka na miaka, wengi wakaacha. Kwamba kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zimelazwa chini ya bahari, na simu zinapita ndani yake kwa mwanga. Sisi tulisikiliza hayo tukijua simu ya kibanda pale sokoni Kapsoit inameza sarafu na kunyamaza.

Aliyesikiliza kuliko wote ni Chelangat. Yeye ni wa darasa langu, katibu wa klabu, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuuza samaki. Wengine tulisikiliza tukasema "ala!" Yeye aliuliza, "Na sauti inaingiaje kwa mwanga, mwalimu?" Mwalimu akamwambia ajaribu. Alijaribu muhula mzima.

Alichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akatoboa pande zote mbili. Upande mmoja akauvalisha ngozi ya puto, akaivuta ikabana kama ngoma. Juu ya puto akabandika kipande cha kioo cha kujitazamia, kidogo kama ukucha. Ukiongea ndani ya mkebe, puto linatetemeka, kioo kinatetemeka, na leza ikipiga hapo mwanga wote unaruka unatetemeka vile vile. Ule upande wa pili kuna kijicho cha umeme, kimeingizwa ndani ya kibomba cha karatasi nyeusi ili jua lisikisumbue, na kimefungwa kwa kikuza sauti na spika. Kijicho kinaona mwanga ukitetemeka, spika inatoa sauti. Hakuna waya kati ya huku na kule. Hakuna kitu. Hewa na ukungu tu.

Jaribio la kwanza la mbali lilifanyika asubuhi yenye ukungu. Chelangat alikuwa kwenye dirisha la maabara na leza na mkebe. Mimi nilikuwa upande wa pili wa shamba la chai na kijicho na spika. Mstari mwekundu ulipita juu ya majani, ukungu ukiuonyesha hapa na kuuficha pale. Kati yetu kulikuwa na watukutu wa wiki hiyo, wanachuma. Nilikuwa natarajia neno la historia. Spika ikakoroma, ikasafisha koo, na sauti ya Chelangat ikajaa shambani:

"Kibet, funga zipu."

Watukutu wote waligeuka. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kusafiri kwa leza katika nchi ya chai, kwa kadiri ninavyojua, na yalikuwa ya kweli.

Tulishinda mashindano ya sayansi ya wilaya. Yakabaki ya mkoa, ambako majaji wangetoka chuo kikuu. Tulikuwa Kidato cha Nne, mwaka wa mwisho, na Chelangat hakujali kombe. Alitaka kuwauliza swali moja. Alikuwa ameliandika kwenye kiganja na kulifanyia mazoezi na mimi hadi nikalichoka: "Kama mwanga mwekundu unabeba sauti yangu, na sasa kuna wa buluu, kwa nini kila rangi isibebe sauti yake ndani ya unyuzi mmoja? Zitagongana ama hazitagongana?"

Hata Mwalimu Onsongo hakuwa na hakika. "Nafikiri hazitagongana," alisema. "Lakini kufikiri kwangu si jibu. Waulize wenye vyombo vya kupimia." Kwa hivyo tulichokuwa tunahitaji ni kitu kimoja: leza iwe hai mpaka mashindano ya mkoa. Shikeni hapo.

Sasa nianze kukasirika rasmi.

Wiki mbili kabla ya mashindano, maabara mpya ilikuwa imekamilika na ilikuwa ifunguliwe na mheshimiwa mbunge. Mwalimu Mkuu wetu, ambaye tukiwa mbali tunamwita Mdosi, alituita ofisini: mimi, Chelangat na Mwalimu Onsongo. Alikuwa anang'aa kama kiatu kipya.

"Mheshimiwa hatakata utepe kwa makasi," akasema. "Makasi ni ya kila shule. Yeye atakata kwa leza."

Tulitazamana.

"Mwalimu," Mwalimu Onsongo akasema pole pole, "hii leza haikati."

"Leza inakata chuma. Nimeona kwa sinema."

"Hiyo ni nyingine, bwana. Ziko nyingi kama vile kuna moto wa kiberiti na moto wa kiwanda. Hii yetu ni ya kuonyesha tu."

"Basi iongezeni nguvu."

"Haiongezwi."

"Ongezeni betri!"

"Haitumii betri, mwalimu," Chelangat akasema. "Inachomekwa kwa ukuta."

Nilikuwa nimekuja na sanduku. Nikaliwasha, nikaweka kiganja changu mbele ya nukta ili Mdosi aone kuwa haichomi. Yeye akaruka nyuma na kiti chake. Nikamwambia hata siagi haiyeyuki hapo, na zaidi ya hayo utepe alionunua ni mwekundu, na kitu chekundu huurudisha mwanga mwekundu ulikotoka, kwa hivyo katika tepe zote za Kericho amechagua ule ambao leza yetu ingeukosa kabisa. Nilifikiri namsaidia.

"Kibet, unanifundisha rangi?"

Chelangat alijaribu kwa adabu kuliko mimi. "Mwalimu, tukate na makasi, halafu mwanga uongee. Uwakaribishe wageni. Hiyo ni kweli, na hakuna shule nyingine inaweza."

"Kuongea?" Mdosi akacheka. "Kila mtu anaongea. Mheshimiwa hatoki mbali kuja kusikiliza tochi. Nimeshamwambia inakata, kwa hivyo itakata. Mtaongea baadaye, dakika moja. Kwanza ikate."

Kesho yake tulipata habari itakavyokata. Weldon wa Kidato cha Tatu, mtoto wa ndugu yake Mdosi, atasimama nyuma ya mlango wa maabara mpya na wembe. Mdosi akikohoa, Weldon atapitisha mkono kando ya mlango na kukata. Utepe utaanguka, watu watapiga makofi, na sayansi itakuwa imesonga mbele.

Mwalimu Onsongo alikataa. Sikuwa ofisini, lakini ofisi ile ina dirisha na mimi nina masikio. Alisema hawezi kusimama mbele ya wanafunzi wake wakiona uongo unaitwa fizikia. Mdosi akamwuliza kama anapenda kufanya kazi huku au angependa kurudishwa kwao. Mwalimu Onsongo alitoka akapita karibu nami bila kunitukana, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu wa asubuhi. Hema lilijengwa mbele ya maabara mpya, kina mama wa kikundi wakaleta mursik, maziwa ya kugandisha, kwenye vibuyu, mheshimiwa akavishwa shada la sinendet, majani ya heshima, shingoni, kwaya ikaimba mpaka mvua ikaanza kupiga hesabu. Chini ya hema tuliweka meza, leza, na mkebe wa Chelangat umeelekeza mdomo kwetu. Mwanga ulitoka kwa leza, ukagonga kioo cha mkebe, ukavuka uwanja mpaka katikati ya utepe mlangoni. Nyuma ya utepe, ndani ya maabara, tuliweka kijicho, kikafungwa kwa spika zile kubwa za sherehe. Mpango wetu ulikuwa rahisi: utepe ukianguka, njia ya mwanga inafunguka, mwanga unafika kwa kijicho, na Chelangat anasema, "Karibuni maabara." Mdosi alikuwa ameruhusu.

Mwalimu Onsongo alimwonya mbele yetu. "Mwalimu Mkuu, utepe ukianguka usiongee karibu na huo mkebe. Kila neno litasikika."

"Mimi ndiye mkuu wa hii shule," Mdosi akasema. "Naongea popote."

Mheshimiwa akabonyeza swichi. Mstari mwekundu ukapita kwenye ukungu na watu wote wakasema "Aaaah!" Nitakuwa mkweli, hata mimi nilisahau hasira kidogo. Nukta ikatua kwenye utepe. Mdosi akakohoa.

Hakuna kitu.

Akakohoa tena, kifua kizima. Hakuna kitu. Mheshimiwa akaanza kutazama saa. Mnajua nini kilikuwa kinaendelea nyuma ya mlango? Weldon alikuwa amesimama na wembe mkononi. Mjomba, baba mdogo, sijui wanaitana vipi kwao, alikuwa amewaambia watu wote kuwa leza inakata chuma, na Weldon alikuwa amemwamini! Aliona ile nukta nyekundu kwenye utepe na hakuwa tayari kupoteza vidole kwa ajili ya shule.

Mdosi akainama juu ya meza, akijifanya anarekebisha mtambo, mdomo wake ukiwa pale pale kwenye mkebe. Alikuwa bado anatabasamu kwa wageni. Kwa meno aliyoyafunga nikamsikia akisema, "Kata, Weldon! Kata, we ng'ombe!" Mimi nilimsikia kwa sababu nilikuwa kando yake. Wengine hawakusikia, maana utepe ulikuwa bado umeziba njia. Halafu Weldon akafumba macho, akatoa mkono, akakata.

Utepe ukaanguka. Makofi yakaanza. Na mwanga, ambao haukuwa na kosa lolote, ukapita moja kwa moja mpaka kwa kijicho na kufanya kazi yake. Spika mbili kubwa zikasema kwa sauti ya Mdosi, kwa uwanja mzima na shamba la chai na pengine barabara:

"...umeniaibisha, mjinga hii! Ficha hiyo wembe kwa soksi haraka, kabla mheshimiwa aione!"

Weldon ni kijana mtiifu. Alitoka nyuma ya mlango, akainama mbele ya watu wote, akaweka wembe kwa soksi.

Makofi yalikufa. Mheshimiwa akageuka. "Hiyo ni sauti ya nani?"

Chelangat alikuwa ndiye mtu pekee mwenye akili pale. Akasogea kwenye mkebe na sauti yake ikatoka ule upande wa pili, safi kabisa: "Ni mwanga, mheshimiwa. Huu wetu haukati. Huu unabeba maneno."

Kogo wake, yaani bibi yake, alikuwa na kina mama wa mursik. Alikuja mpaka mezani akachungulia ndani ya mkebe kama anayetafuta mtu. "Inaongea tu, haikati kitu?"

"Ndiyo, kogo."

"Basi hiyo ni mheshimiwa kabisa."

Alisema hivyo mdomo ukiwa ndani ya mkebe.

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo na sitasikia tena. Kina mama walishikana. Kwaya ilikaa chini. Mheshimiwa alicheka pia, lakini kwa meno tu. Aliingia kwenye gari bila kula.

Mnafikiri huo ndio mwisho mtamu. Hata mimi nilifikiri hivyo kwa muda wa chakula kimoja. Jioni ile Mdosi aliita mkutano wa dharura. Hakusema neno juu ya wembe. Alisema kuna wanafunzi wametumia chombo cha shule kumtukana mgeni. Ufunguo wangu ukachukuliwa. Leza ikafungiwa kwenye stoo ya ofisi yake, "kwa usalama." Chelangat na mimi tukapewa kuchuma chai mpaka mwisho wa mwaka. Weldon akawa kiranja mpya wa maabara. Na Mwalimu Onsongo, ambaye alikataa uongo na akaonya juu ya mkebe, akapata uhamisho kabla ya mwezi kuisha. Aliniachia ufito mkononi akasema, "Ijumaa, Kibet. Usiache waisahau." Hakusema kwaheri. Nafikiri aliogopa kulia mbele ya mwanafunzi.

Ijumaa ya kwanza nilibisha ofisini. "Mwalimu, naomba niiwashe kidogo tu. Inakufa ikilala."

"Kitu hakifi kikiwa kimefungiwa. Kinakufa kikishikwa na watu kama nyinyi."

Ijumaa ya pili alienda Chelangat, akaomba leza kwa ajili ya mashindano ya mkoa. Aliomba kwa adabu, hata akapiga goti, na mimi ambaye namjua tangu darasa la kwanza sijawahi kumwona akimpigia mtu goti. Mdosi akamwambia mashindano ni ya wanafunzi wenye nidhamu. Basi la shule lilienda mkoani na kwaya. Sisi tulikuwa shambani, ufito juu ya mimea, tunachuma kilichochomoza.

Nilibisha kila Ijumaa. Nataka mjue hilo. Baadaye karani alikuwa akiniona tu ananifanyia ishara ya mkono nirudi.

Muhula uliofuata wakaja wakaguzi. Mdosi alitaka kuwaonyesha maabara mpya, na katika maabara mpya hakukuwa na kitu ila meza na Weldon. Basi leza ikatolewa stoo. Weldon akabonyeza swichi, haikuwaka. Tukaitwa kutoka shambani mbio, mimi na Chelangat, vikapu mgongoni, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa chai.

Nilibonyeza. Sanduku likalia ti. Ndani ya bomba ukaja mwanga hafifu wa waridi, ukapepesa, ukafa. Nikabonyeza tena. Ti. Nikaacha izime, nikangoja, nikabonyeza. Ti, na kisha haikutoa hata ti.

"Stima ni kidogo leo," Mdosi akawaambia wageni.

"Stima iko, mwalimu," nikasema. "Taa iko juu ya kichwa chako."

Mkaguzi mmoja, mama mwenye miwani, akauliza kwa upole, "Ilikuwa inafanya nini?"

"Kukata," akasema Weldon. Naapa.

"Ilikuwa inabeba sauti," Chelangat akasema. Na pale pale, na kikapu mgongoni, akauliza swali lake. Lote. Mwekundu na buluu, unyuzi mmoja, zitagongana ama hazitagongana. Kwa ile sauti yake ya kuuza samaki.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. "Hilo ni swali zuri sana, msichana wangu," akasema. "Umuulize mwalimu wako wa fizikia."

Hatujakuwa na mwalimu wa fizikia tangu Mwalimu Onsongo aondoke. Mdosi alikuwa amesimama pale na alijua. Weldon alijua. Chelangat alisema, "Asante, mama," akakaza kikapu mgongoni, tukarudi shambani. Tulipofika katikati ya mistari ya chai akachukua ufito akauvunja kwa goti.

Ndiyo maana sina maneno matamu. Mtu akiwaambia leza yetu iliharibika, mwambieni haikuharibika. Iliwekwa mahali ikafa, na kila Ijumaa kulikuwa na mtu mlangoni anaomba.

Sasa makabidhiano. Sanduku mtalikuta kwenye kabati, Weldon analipangusa vumbi vizuri. Bomba limekufa, msipoteze muda nalo. Lakini kijicho hawakukichukua, kwa sababu hawakujua ni kitu gani. Kiko ndani ya kibomba chake cheusi, chini ya sinki la mwisho, nyuma ya ndoo. Wiki jana nilikitoa nikakifunga kwa spika, nikakielekeza kwenye ile taa ndefu ya dari. Kikanguruma. Taa zote za stima zinatetemeka kumbe, ni macho yetu tu hayaoni. Chelangat alikuwa mlangoni. Alikaa akasikiliza ile ngurumo, halafu akaniuliza kama bado nina kipande cha puto.

Kijicho bado kinasikia. Mkebe uko hapo hapo kando yake, puto jipya. Tafuteni mwanga wowote, hata wa jua la saa mbili asubuhi kabla mvua haijaja, na mumwulize swali la Chelangat kila mtu atakayeingia kwenye hiyo maabara na tai shingoni. Kila Ijumaa.